Dola Tano Mlangoni: Hesabu ya Fugazi

Kati ya Septemba 1987 na Novemba 2002, bendi ya roki ya Washington, D.C. iitwayo Fugazi ilipiga shoo zaidi ya 1,000. Nchini Marekani kiingilio kilikuwa dola 5 karibu kila mahali, na kilipokuja kupanda baadaye, kilipanda kwa shingo upande. Bendi haikuwa na meneja wala haikuuza fulana. Magazeti makubwa yanayoishi kwa matangazo ya sigara na pombe yalinyimwa mahojiano. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama hadithi ya vijana wanne wenye msimamo. Msimamo ulikuwepo, sikatai, ila msimamo haujazi mafuta kwenye gari. Kilichowaweka barabarani miaka 15 ni hesabu.

Tuchukue mfano wa ukumbi wa watu 600. Kwa dola 5, mlangoni zinaingia dola 3,000. Promota akisikia hivyo anakunja uso, maana kwa dola 12 angepata 7,200. Lakini zile 7,200 ni za ndotoni mpaka watu waje, na ili waje lazima alipie redio, mabango na nafasi gazetini. Kwa dola 5, ukumbi ulikuwa unajaa kwa vipeperushi vya fotokopi na maneno ya mdomo. Kijana aliyekuwa anasitasita hakuwa na sababu ya kubaki nyumbani. Tena alikuja na rafiki ambaye hajawahi kuisikia bendi, kwa kuwa kumlipia hakumuumizi. Huyo rafiki ndiye shabiki wa safari ijayo. Kiingilio chenyewe kilikuwa kinafanya kazi ya bango.

Kuna faida nyingine ndogo ambayo aliyewahi kukaa mlangoni ataielewa haraka: dola 5 ni noti moja. Hakuna kuhangaika na chenji na foleni haigandi.

Upande wa matumizi nao ulibanwa. Meneja na wakala wa kutafuta shoo wangekula asilimia zao kabla bendi haijagusa senti. Ian MacKaye, mwimbaji na mpiga gitaa, alipiga simu hizo mwenyewe na kukubaliana masharti na waandaaji mji kwa mji. Walisafiri kwa gari aina ya van pamoja na vyombo vyao, na miaka ya mwanzo walilala kwa wenyeji waliowapokea. Zaidi ya mwaka mzima walizunguka majukwaani kabla hata ya kuwa na rekodi sokoni. Ya kwanza, yenye nyimbo saba, ilitoka mwishoni mwa 1988. Bendi nyingi hutoa rekodi kwanza, kisha hupiga shoo ili kuiuza. Hawa walianza na shoo, kwa hiyo rekodi ilipotoka ilikuta watu wanaoisubiri.

Sharti lililowaumiza waandaaji kichwa kuliko bei lilikuwa umri. Fugazi walitaka kila mtu aingie, hata mwenye miaka 14. Sheria ya taifa ya 1984 ilikuwa imeyasukuma majimbo kupandisha umri wa kunywa pombe hadi miaka 21, na klabu za muziki Marekani huishi kwa baa. Ukiruhusu watoto, unaweka leseni rehani na kaunta inauza soda. Ndiyo maana bendi mara nyingi iliishia kwenye kumbi za makanisa, za shule na za jumuiya, mahali ambapo hakuna baa ya kulinda na kodi ya ukumbi ni nafuu. Walipata hadhira ambayo wengine walikuwa wameifungia mlango, kwa gharama ndogo zaidi.

Mbinu ya umri MacKaye alikuwa nayo tangu ujana. Mwaka 1980 bendi yake ya Teen Idles ilikwenda San Francisco, ikaona klabu moja ikiwachora vijana alama kubwa ya X kwa kalamu nyeusi kwenye mikono: unaingia, lakini kaunta haikuuzii. Waliporudi Washington waliipeleka mbinu hiyo kwenye klabu ya 9:30 Club.

Mwaka huohuo vijana hao wakaanzisha lebo yao, Dischord, kwa akiba ya Teen Idles, na hapa inafaa kuangalia kwa karibu. Walikuwa na santuri ndogo lakini hawakujua jalada hutengenezwaje. Wakachukua jalada la santuri ya Uingereza, wakalibandua gundi, wakalitandaza na kufuatisha umbo lake kwa penseli. Wakachapisha karatasi kwa umbo hilo, kisha marafiki wakakaa nyumbani na mikasi na gundi, wanakata, wanakunja, wanabandika, moja baada ya jingine. Ufundi huo mdogo ulimaanisha kwamba bei ya rekodi waliipanga wenyewe. Miaka ya Fugazi, Dischord ilikuwa inachapisha bei kwenye jalada: agiza CD kwa posta, utalipa dola 8, nauli ikiwa ndani. Duka lililotaka kuiuza dola 15, bei ya kawaida ya CD wakati huo, lilijikuta linabishana na jalada lenyewe.

Na fujo? Roki kali kama yao ina vijana wanaorushiana mateke mbele ya jukwaa. Fugazi walisimamisha wimbo, wakamwonya mhusika kwa adabu ya kuudhi, na akizidi walimtoa nje wakimkabidhi bahasha yenye dola 5 zake. Bahasha zilikuwa zimeandaliwa kabla. Hii nayo ni hesabu: kwa kiingilio cha dola 30, kumrudishia mtu pesa kungeuma, kwa dola 5 ni bei nafuu ya kununua utulivu wa watu wengine 599. Na kisa cha bahasha kilisimuliwa mji mzima kesho yake.

Hapo ndipo natofautiana kidogo na wanaosema bendi hii haikujitangaza. Kila walichokataa kiligeuka habari. Waandishi walizungumzia dola 5 kuliko magitaa, jambo ambalo nadhani liliwakera wanamuziki wenyewe. Mtu mmoja akachapisha fulana za magendo zenye maneno yanayosema kwamba hii si fulana ya Fugazi, na zikauzika. Mwaka 1993 albamu yao *In on the Kill Taker* iliingia kwenye chati ya Billboard 200, na Ahmet Ertegun, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Atlantic Records, akawafuata nyuma ya jukwaa New York kuwashawishi wasaini na kampuni yake. Wakamshukuru, wakabaki Dischord.

Mfumo ulikuwa na tundu lake: fedha zilikuja wakisafiri. Wanabendi walipooa na kuzaa, safari zikapungua, na tangu 2003 bendi imepumzika bila tarehe ya kurudi. Kitu kimoja tu kilibaki ghalani. Mafundi wao wa sauti walikuwa wanarekodi shoo, na kanda za zaidi ya shoo 800 zilikuwa zimetunzwa. Desemba 2011 Dischord ilianza kuziweka kwenye intaneti, kila shoo na tarehe yake, ukumbi wake na kiingilio cha siku ile, pamoja na vipeperushi na picha pale zilipopatikana. Makosa ya jukwaani na mabishano na mashabiki yameachwa humo. Bei iliyopendekezwa kwa kila shoo ilikuwa dola 5. Asiye nazo aliweza kulipa hata dola 1, na mwenye moyo aliruhusiwa kufika 100.