Bunduki Tatu za Birmingham

Fundi wa baiskeli aliye uchochoroni nyuma ya soko la Darajani, Unguja, hana chombo cha kupimia rimu. Anaipindua baiskeli matairi juu, analizungusha gurudumu, anausogeza ukucha wa kidole gumba hadi karibu kugusa chuma, kisha anasikiliza. Rimu inapoukwaruza ukucha ndipo penye kombo. Anakaza spoki moja nusu mzunguko, anailegeza ya upande wa pili, anazungusha tena. Mteja akihimiza, anaambiwa: "Kaa barazani, shekhe, unywe kahawa."

Asubuhi ile mikononi mwake ilikuwamo baiskeli ya BSA. Rangi ilikwishaliwa na hewa ya bahari, lakini kwenye gia kubwa ya mbele herufi zile tatu, zilizokatwa ndani ya chuma chenyewe, zilisomeka wazi. Aliitoa ekseli, akamwaga gololi kwenye kisahani cha mafuta ya taa, akaziosha moja moja, akazipaka grisi, akazirudisha. Kila kitu kilifunguka, kila kitu kikafungika.

Kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 na mafundi wa bunduki. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Kutoka kwenye mitutu waliingia kwenye baiskeli, na mwaka 1910 wakaonyesha pikipiki yao ya kwanza. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilipewa pikipiki zao aina ya M20 zaidi ya 120,000. Baadaye baiskeli ziliuzwa kwa Raleigh, mwaka 1957, na pikipiki zikashindwa na za Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda kimekufa. Chuma chake bado kinabeba muhogo na nazi kwenye barabara za Unguja.

Kinachoniuma ni baiskeli zinazoletwa sasa. Chuma chepesi, kutu mwaka wa kwanza, na kikiharibika kitu huambiwa nunua kingine. Kijana anayejifunza ufundi leo anajifunza kubadilisha tu. Kunyoosha hakujui, wala hapati wa kumwonyesha. Wengi wamekimbilia bodaboda, na siwalaumu, maana njaa haingoji.

Lakini Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ya nakshi tunailinda kwa sheria. Huyu mzee wa ukucha anafanya kazi juani, hana hata kibanda. Angepewa chumba kimoja cha chini na vijana wawili wa kukaa naye, angewafundisha kwa furaha. Mwenyewe ameniambia hivyo.