Mahali na Hatia

Kuna namna mbili za kumweka mtu mahali katika riwaya. Ya kwanza ni kumweka kama picha ya studio: ziwa limechorwa nyuma, mitumbwi imepangwa, naye amesimama mbele. Ya pili ni kumweka kama mti, ambao ukiung'oa unatoka na udongo wake. Wengi wetu tukishasema kwamba riwaya "ina mandhari nzuri" hudhani uhakiki umekwisha. La hasha, hapo ndipo unapoanza.

Wamarekani walilipitia jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Sarah Orne Jewett aliandika juu ya watu wa pwani ya Maine, usemi wao na desturi zao. Hiyo ilikuwa fasihi ya mahali. Wakaja na waandishi wa uasilia, wenye mawazo kama ya Émile Zola wa Ufaransa. Kwao mahali si pambo. Ni nguvu inayomsukuma mtu, pamoja na damu aliyoirithi na umaskini aliozaliwa nao. Stephen Crane alitoa Maggie mwaka 1893, na Theodore Dreiser akatoa Sister Carrie mwaka 1900, habari za msichana anayepanda treni kwenda Chicago.

Sisi tunaye Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, na Rosa Mistika yake ya 1971. Rosa analelewa na Zakaria, baba mlevi anayedhani kwamba fimbo ni malezi. Barua ya mvulana inamletea kipigo. Akifika shuleni, ambako jicho la baba halifiki, hajui kujilinda, kwa kuwa hakufundishwa kujilinda. Alifundishwa kuogopa tu. Anaporomoka hatua kwa hatua hadi kujiua. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kama vile cha Dreiser kilivyotolewa na mchapishaji aliyekionea haya.

Je, Kezilahabi ni mwanauasilia? Nasema ni nusu tu. Dreiser hamhukumu Carrie. Mji unamvuta, naye anafuata. Kezilahabi anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu baada ya kufa, washitakiane. Anayeamini kwamba mazingira hufanya kila kitu hana haja ya mahakama.

Tofauti hii si ya darasani. Mimi naishi Mbezi Luis, ambako tangu 2021 mabasi ya mikoani hufikia katika Kituo cha Magufuli. Wasichana hushuka na mabegi yao, wengine wakiitiwa kazi za ndani na watu wasiowajua. Mmoja akiharibikiwa, majirani husema, "Mji umemharibu." Huo ni uasilia wa watu ambao hawajamsoma Zola, na ni msemo wenye raha yake, kwani mji hauna jina wala hauitwi polisi. Aliyemnyima mshahara anapona. Aliyemrubuni anapona. Na baba aliyemlea kwa fimbo, huko alikotoka, anapona pia.

Riwaya yenyewe ina upungufu. Kadiri Rosa anavyokwenda mbali na Ukerewe, ndivyo udongo unavyopungua miguuni pake. Shule na chuo vingeweza kuwa popote. Vifo vya mwishoni navyo vinafuatana kwa haraka mno. Katika Kuli ya 1979, Shafi Adam Shafi hakuiachia Bandari ya Unguja hata kidogo. Rashidi anafuata kazi ya baba yake, kama kwamba amerithi mzigo. Lakini bandari ile ile inayowavunja migongo ndiyo inayowakutanisha makuli hadi kwenye mgomo wa 1948.

Kwa hiyo, riwaya ya mahali nikiisoma huiuliza swali moja: imenionyesha nguvu zinazomsukuma mtu bila kumficha aliyemsukuma? Kwa Rosa, Kezilahabi alimtaja kwa jina. Aliitwa baba.