Nukta na Nafasi Iliyo Baada Yake: Tahakiki ya Kanuni Moja ya Upigaji Chapa

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda wasomaji wengi wa jarida hili wakaliona kuwa ni la makarani wala si la wanazuoni, nalo ni ukubwa wa nafasi inayoachwa baada ya nukta, kabla ya sentensi nyingine kuanza. Kwa miaka mingi mpiga chapa aliyefunzwa kazi yake alibonyeza kibao cha nafasi mara mbili baada ya nukta. Siku hizi huamriwa abonyeze mara moja tu, na anayeendelea kubonyeza mara mbili huhesabiwa kuwa ni mtu wa kale aliyepitwa na mambo. Nisingalishika kalamu kwa ajili ya hayo lau kanuni hii mpya ingalibaki katika barua za ofisini. Imeingia, hata hivyo, katika matini tunazozikusanya na kuzihariri, na huko imeleta uharibifu ambao hauonekani kwa macho, kwa kuwa kilichoharibiwa ni kitu ambacho wengi hawakukihesabu kuwa ni kitu.

Hoja ya watetezi wa nafasi moja ni hii. Mashine ya chapa, wanasema, huipa kila herufi upana uleule; i hupewa nafasi sawa na m. Kwa sababu hiyo ukurasa wa mashine hujaa mianya, na jicho halitambui kwa wepesi mahali sentensi inapokoma mpaka liongezewe nafasi. Tarakilishi hutumia herufi za upana mbalimbali, kama zile za wachapaji wa vitabu. Basi sababu imeondoka, na desturi nayo haina budi kuondoka. Hoja hii imekaririwa mno hata ikawa kama kauli isiyodai ushahidi. Farhad Manjoo aliieneza sana mwaka 2011 katika jarida la Slate, alipozihukumu nafasi mbili kuwa ni kosa lisilo na udhuru. Mwaka 2020 programu ya Microsoft Word ikaanza kuzitilia alama ya kosa, sawa na inavyofanya kwa neno lililoendelezwa vibaya.

Ni kweli kwamba herufi za mashine zilikuwa za upana mmoja. Kwamba nafasi kubwa baada ya nukta ilizaliwa na mashine hiyo si kweli hata kidogo. Mashine ya Sholes na Glidden ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Ukifungua vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa London miaka mia moja kabla ya hapo, utaikuta nafasi pana baada ya nukta, tena pana kuliko aliyopata kuiacha karani yeyote. Mwongozo wa uchapaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika toleo la mwaka 1911, unalieleza jambo hili kwa vipimo. Kati ya neno na neno mpangaji wa herufi atie kipande cha risasi kitupu chenye thuluthi ya upana wa mraba wa chapa anayoitumia, na baada ya nukta inayofunga sentensi atie mraba mzima. Kwa hesabu hiyo nafasi ya sentensi ilikuwa mara tatu ya nafasi ya maneno. Karani aliyebonyeza mara mbili hakuwa akibuni jambo geni. Alikuwa akimwiga mchapaji, na kwa ubahili.

Nani basi aliyeipunguza nafasi hiyo? Ni wachapaji wenyewe, katika karne ya ishirini, kwa sababu ambazo kwa kiasi kikubwa ni za ladha. Wafaransa walikwisha kuzoea kuacha baada ya nukta nafasi sawa na ile ya maneno, ingawa wao hao huacha nafasi kabla ya nuktamkato, koloni, alama ya kuuliza na ya mshangao, jambo ambalo mwalimu wa Kiingereza angelikatia kwa kalamu nyekundu. Jan Tschichold, aliyekwenda Uingereza mwaka 1947 kurekebisha sura ya vitabu vya Penguin, aliwaagiza wapangaji wa herufi wabane nafasi za maneno na wasiongeze kitu baada ya nukta. Alitaka ukurasa uwe na rangi moja, usitobolewe na mianya. Ukurasa wake ni mzuri, nami ni miongoni mwa wanaoupenda. Lakini mtu anayependa ukurasa wa Tschichold amechagua sura, kama mwingine anavyochagua kanga. Hajathibitisha kwamba bibi zake walikosea.

Ushahidi wa kimajaribio ni haba. Mwaka 2018 watafiti wa Skidmore College, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 60 kwa kufuatilia mwendo wa macho yao wakati wa kusoma. Nafasi mbili hazikuwaongezea wasomaji ufahamu wa matini. Ziliongeza kasi kidogo tu, na hilo lilionekana kwa wale ambao wao wenyewe walizoea kuchapa kwa nafasi mbili. Isitoshe, matini ya jaribio ilipigwa kwa Courier New, chapa ya herufi za upana mmoja, kwa hiyo haituambii mengi kuhusu kitabu cha kawaida. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambacho mwongozo wake hutumiwa hata na wanafunzi wetu wasiojua saikolojia ni nini, kilipendekeza nafasi mbili katika miswada kwenye toleo la mwaka 2009, kisha kikarudi kwenye nafasi moja katika toleo la mwaka 2019. Kanuni inayoweza kwenda na kurudi ndani ya miaka kumi haistahili kuogopwa kama msahafu.

Tugeukie sasa Kiswahili, ambako suala hili lina sura yake. Desturi ya makarani ilikuwa na faida moja ambayo haitajwi. Nafasi mbili zilifuata nukta ya sentensi, na nafasi moja ikafuata nukta ya kifupisho. Kwa njia hiyo nukta mbili zenye kazi tofauti zilitengwa, ijapokuwa kwa umbo ni moja. Chukua mfano huu: «Alinunua sukari, majani ya chai n.k. Asha alipofika. Akaanza kupika.» Msomaji akifika kwenye n.k. hajui kama sentensi imekwisha. Jina Asha lina herufi kubwa kwa hali yoyote, na Kiswahili hakimlazimu mwandishi kutaja mtenda kwa neno la peke yake wala kutanguliza kishazi tegemezi. Itambidi aifikie nukta inayofuata ndipo arudi nyuma kufahamu kuwa Asha alifika wakati wa kununua. Ukurasa wa karani ungalimjulisha hayo papo hapo. Donald Knuth, alipoiunda programu ya TeX mwaka 1978, alilitambua tatizo hili: programu yake hupanua nafasi baada ya nukta, na humtaka mwandishi aionyeshe nukta isiyokuwa ya sentensi. Yaani mwanahisabati aliona katika nukta tofauti ambayo sisi watu wa lugha tunaiacha ifutwe.

Nakiri kwamba mfano wa Asha si wa kufa na kupona. Mwandishi makini angeigeuza sentensi ile na mambo yakaisha. Hasara iliyo kubwa iko kwenye fasihi.

Wazee wetu walioandika kwa khati ya Kiarabu hawakuwa na herufi kubwa, na katika miswada yao ya tendi huoni nukta ya kufunga sentensi. Walichokuwa nacho ni mpangilio. Ubeti wa utenzi mara nyingi uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa nafasi au kwa pambo dogo la wino. Waliozigeuza tendi hizo katika herufi za Kirumi walikishusha kila kipande kwenye mstari wake, na hivyo ndivyo tulivyozoea sote kuusoma utenzi, kana kwamba ulitungwa ukiwa mwembamba. Nafasi iliyokuwa ndani ya mstari ilihamia mwishoni mwake. Hakuna kilichopotea, kwa sababu utenzi hujilinda wenyewe: mizani minane na vina vitamrudishia msomaji kila mpaka hata ukimpa ubeti uliobanwa pamoja kama tende kikapuni. Shairi la mizani kumi na sita nalo ni hivyo hivyo. Ukiondoa mwanya ulio kati ya ukwapi na utao, kina cha kati kitakuonyesha mahali pake.

Lakini ngano haina kina cha kati. Fanani anaposimulia, hutua. Hutua ili apumue, au awatazame wasikilizaji, au awatie hofu kabla ya zimwi kutokea. Wakusanyaji wa fasihi simulizi, hasa waliotumia mashine za chapa, walizoea kuandika mkato pale sarufi inapoudai na kuacha nafasi mbili au tatu pale sauti ya fanani ilipotua. Fikiria neno linalorudiwa katika kila ngano ya safari: akaenda, akaenda, akaenda. Liandike pasipo mikato wala mianya na utapata mwendo wa haraka, mtu anayekimbia. Acha mwanya baada ya kila akaenda na utamwona msafiri aliyechoka, jua likimchwea njiani. Hizo ni ngano mbili. Ningeuonyesha mfano huu hapa kwa nafasi zenyewe, ila sina hakika kwamba zitamfikia msomaji salama.

Shaka yangu ina chanzo. Mwanafunzi niliyemsimamia katika shahada ya uzamili aliambatisha kwenye tasnifu yake ngano kumi na tatu alizozirekodi, na mituo yote akaionyesha kwa nafasi. Ofisi iliyozikagua tasnifu, ambayo sitaitaja, iliirudisha kazi hiyo kwa sababu «ina nafasi mbili». Karani mwema akataka kumsaidia. Akaiagiza tarakilishi izitafute nafasi zote mbili-mbili na kuzigeuza kuwa moja, akarudia mpaka zikaisha, akahifadhi kazi juu ya nakala ileile ya kwanza. Kazi ya miezi minane ilisawazishwa kwa muda usiotosha kumimina chai. Watahini walipoisoma, mmoja wao aliandika kwamba mtafiti anadai katika sura ya nne kuwa fanani wake hutumia ukimya kwa ustadi, ilhali matini yenyewe haina ukimya wowote. Kwa matini aliyoletewa, mtahini huyo alisema kweli.

Simlaumu karani. Kanuni aliyopewa ilimwambia kwamba nafasi ya pili ni taka, naye akafagia. Lawama ya kwanza ni yetu sisi tunaofundisha mbinu za unakili. Tunamsomesha mwanafunzi nadharia ya utendaji, tunamweleza kwamba kituo cha fanani ni sehemu ya sanaa yake, kisha tunamwachia akiandike kituo hicho kwa alama ambayo mtu yeyote anaweza kuifuta pasipo kujua kwamba amefuta. Mimi mwenyewe nilifunzwa ng'ambo alama maalumu za kunakilia mazungumzo, nikarudi nyumbani nikaziona kuwa ni makeke ya wageni. Nimejirudi. Mkwaju mmoja kwa kituo kifupi na miwili kwa kirefu haupendezi ukurasani, lakini mkwaju huonekana, na anayeufuta hujua kwamba amefuta kitu.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya tasnifu hiyo. Nyingi ya ngano na nyimbo zilizokusanywa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970 zimo katika karatasi zilizopigwa kwa mashine, na kanda zilizonakiliwa nyingine zimeoza au zimerekodiwa juu yake mambo mengine. Karatasi hizo sasa zinapigwa picha na kusomwa na tarakilishi ili zigeuzwe kuwa matini ya kutafutika. Ni kazi njema, na ni lazima ifanywe kabla mchwa hawajatutangulia. Hata hivyo, programu zinazosoma picha za kurasa huweza kuuchukua mwanya wowote ulio ndani ya mstari kuwa ni nafasi moja ya maneno, na lugha ya HTML inayotumiwa kuandikia kurasa za mtandao huzikunja nafasi zinazofuatana ziwe moja isipoagizwa vingine. Mahali ambapo kanda imekufa, mwanya wa karani juu ya karatasi ndiyo sauti pekee ya fanani iliyobaki. Anayesimamia kazi hiyo na atunze picha ya kila ukurasa pamoja na matini yake, na kabla ya kusafisha chochote amtafute mtu anayeujua mkusanyo huo amwulize nafasi zile zilimaanisha nini. Nyingine hazitakuwa na maana yoyote isipokuwa kidole kilichoteleza. Hilo nalo litajulikana kwa kuuliza.

Katika nathari ya kawaida, yakiwemo makala haya, sina ugomvi na nafasi moja. Mhariri wa jarida na azipange nukta zangu apendavyo. Mwanafunzi wangu alirudi kwenye rekodi zake akazisikiliza upya, akatia mikwaju, na tasnifu ikapita. Ngano kumi na mbili zimepata vituo vyake. Ile ya saba imebaki na pengo, kwa kuwa siku ile kinasa sauti kiliishiwa na betri kabla bibi hajamaliza, na sehemu ya mwisho mwanafunzi aliichapa jioni ileile kutokana na kumbukumbu, mituo ikiwa bado masikioni mwake. Maneno ya sehemu hiyo yapo yote.