Pongezi kwa wapika bia wa Three Tuns

Bishop's Castle ni mji mdogo wa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Leseni ya kupika bia kwenye baa yake ya Three Tuns ni ya mwaka 1642. Mnara wa kupikia ulijengwa karne ya 19, nao hutegemea mteremko: nafaka hupandishwa juu, kisha kazi hushuka hatua kwa hatua hadi chini.

Mengine yote ni jasho. Mpishi husaga kimea cha shayiri na kukiloweka katika maji moto, akichunga kipimajoto kisipite sana nyuzi 65, la sivyo utamu hautoki ipasavyo. Maji matamu huchujwa, huchemshwa na hopsi, hupozwa, hutiwa hamira. Halafu machicha mazito, yakifuka mvuke, huchotwa kwa koleo. Kila chombo husuguliwa, maana uchafu kidogo huharibu pipa zima. Kusafisha hula saa nyingi kuliko kupika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baa za Uingereza zilizojipikia bia zilikuwa zimebaki nne tu. Three Tuns ilikuwa mojawapo. Wanywaji walipoanza kuitetea bia ya asili, na wapishi wapya wakataka kufungua viwanda vidogo, walikuta ufundi huo ungali hai. Anayefurahia leo bia ya kiwanda kidogo ana deni kwa watu walioendelea kusugua mapipa wakati soko lilikwisha kuwapa kisogo.