Jemadari wa Sentimita Tatu

Jemadari ana urefu wa sentimita tatu hivi, na tayari amekatwa kichwa. Usimhurumie: hivyo ndivyo kazi inavyoanza kwa mafundi wa sanamu za Warhammer, mchezo wa vita vya kubuni uliozaliwa Uingereza mwaka 1983. Sanamu za kiwandani hufanana kama sare za shule, na jeshi lenye hadhi hutaka kiongozi asiye na pacha.

Fundi hutoboa shingo kwa keekee ndogo ya mkono, huchomeka kipande cha waya, kisha hubandika kichwa kilichotoka kwenye sanamu nyingine. Pengo huzibwa kwa putii ya epoksi. Utepe wake wa buluu na wa njano hukandwa pamoja hadi uwe kijani, naye huchonga manyoya ya joho harakaharaka kabla putii haijawa ngumu.

Halafu andakoti. Ndipo zinapofuata rangi zilizozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka. Macho ndiyo mtihani wenyewe. Nukta ikiteleza kidogo tu, shujaa anapata makengeza.

Mabingwa hukutana kwenye shindano la Golden Demon, lililoanza 1987. Mshindi mkuu hukabidhiwa upanga, na huo hauingii mkononi mwa jemadari yeyote aliyempaka rangi.