Ombi la Ijumaa Kuu kwa Wayahudi: Uhakiki wa Matini

Uchambuzi unaoanzia tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 huchelewa. Katika liturujia ya Kirumi waumini walipiga magoti kwa maombi mengine ya Ijumaa Kuu, ila si kwa ombi la Wayahudi. Dharau ilifundishwa kwa mwili pia. Papa Pio XII alirejesha magoti mwaka 1955, na Yohane XXIII akaliondoa neno perfidis mwaka 1959. Misale ya 1970 haiwaombei waongoke. Hata hivyo, sala ya Benedikto XVI ya 2008, kwa watumiao misale ya 1962, inaomba wamtambue Yesu. Kardinali Walter Kasper aliitetea kuwa tumaini la siku za mwisho. Utetezi huo una mashiko katika nusu ya pili ya sala, si ya kwanza.