Kamera ya Mfukoni na Adabu ya Umbali

Lenzi ndefu ina mahali pake, na mahali penyewe ni Serengeti. Chui aliyejinyoosha juu ya tawi la mgunga haombwi ruhusa, wala mwenye akili timamu hashuki garini amsogelee ili ampate vizuri. Pale milimita 400 ni busara tupu. Shida huanza lenzi hiyohiyo inaposhushwa Kariakoo na kumlenga mama muuza nyanya kutoka ng'ambo ya barabara. Mama anaviziwa kama chui. Picha itatoka, tena huenda ikatoka ya kupendeza: nyuma yake pameyeyuka pakawa rangi tupu, jasho la paji la uso lahesabika tone kwa tone. Ila iache ukutani wiki moja, kisha uitazame tena. Mpigaji hayumo. Alisimama mbali, na umbali ule umeganda ndani ya picha.

Nasema hivi nikiwa mtu ambaye ugali wake kwa miaka mingi umetoka kwenye DSLR, kamera kubwa yenye kioo ndani, na bado ninayo. Canon 5D Mark IV pamoja na betri na kadi ni gramu 890. Ifunge lenzi ya 24-70 yenye tundu la f/2.8, umeongeza gramu 805. Tia begini 70-200 ya daraja hilohilo, karibu kilo moja na nusu nyingine. Flashi bado, betri ya akiba bado, na bega limeshapita kilo tatu. Uzito huo wenyewe si neno. Wachukuzi wa bandarini wangetucheka. Kinachochosha ni maswali yanayokuja na lenzi ya kuvuta. Nivute hadi 28 au 50? Nibadilishe nitie ile ndefu? Mkono unazungusha pete kabla jicho halijaona kitu, na mpigaji anabaki amesimama palepale alipokuwa, akidhani amesogea.

Hajasogea. Hilo ndilo somo la kwanza la ufundi huu, na wengi hulipata wakiwa wameshanunua lenzi tatu. Uso wa mtu uonekane mkubwa kiasi gani ukilinganishwa na mlango ulio nyuma yake, hilo huamuliwa na mahali ulipoweka miguu. Milimita za lenzi kazi yake ni kukata tu: kipande gani cha mandhari kiingie, kipi kibaki nje. Ukivuta kwa lenzi umekuza kipande. Ukitembea umebadilisha picha.

Kamera ninayoisifu haikupi nafasi ya kukwepa kutembea. Ni ndogo, lenzi yake imefungwa kiwandani, haibadilishwi wala haivuti. Fujifilm walipoitoa X100 madukani mwaka 2011 waliipa lenzi ya milimita 23 yenye tundu la f/2, ambayo kwa ukubwa wa kihisi chake huona sawa na milimita 35 kwenye kamera za filamu. Ricoh GR ni ndogo zaidi na huona kwa upana wa milimita 28; toleo lake la tatu, la mwaka 2019, ni gramu 257, unaitia mfuko wa shati ukasahau. Ziko na nyingine, za bei ya kutia kizunguzungu, kama Leica Q na Sony RX1. Mimi nimetulia na 35. Sababu yangu ni ya hesabu: upande mrefu wa fremu ya filamu ni milimita 36, kwa hiyo lenzi ya 35 hukuonyesha upana unaokaribiana kabisa na umbali uliosimama. Simama mita 2 kutoka kwenye kibanda, utapata mita 2 za kibanda. Simama mita 5, utapata mita 5. Baada ya muda huhitaji tena kuinua kamera ili ujue nini kitaingia. Unaingia uani kwa watu, unasalimia, na huku unazungumza miguu imeshapima.

Wapo wanaodhani hiki ni kitindamimba cha kamera, kitu cha vijana wa mitindo. Kusema kweli ndiye kaka mkubwa. Wazo la kamera ndogo ya namna hii lilizaliwa kifuani mwa mtu mwenye pumu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alipenda kupiga picha matembezini, lakini kamera za sahani za vioo zilikuwa mzigo na mapafu yake hayakuuweza. Akachukua filamu ya sinema ya upana wa milimita 35, akailaza, akajipa fremu ya milimita 24 kwa 36, na kufikia 1914 alikuwa na kamera ya kushikika kiganjani. Vita vikaingia kati. Leica ilionyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, ikiwa na lenzi moja ya milimita 50 isiyobadilishwa. Ruhusa ya kubadilisha lenzi ilikuja 1930. Henri Cartier-Bresson, aliyeishika Leica mwanzoni mwa miaka hiyo ya thelathini, aliendelea kukaa zaidi na milimita 50 hata lenzi nyingine zilipojaa madukani. Kamera kubwa yenye kioo ndani ilichelewa kutawala: wanahabari wengi waliihamia baada ya Nikon F ya mwaka 1959.

Na kioo hicho ndicho kilichoinenepesha. Ili uone kupitia lenzi, DSLR huweka kioo cha mshazari mbele ya kihisi, kioo hutupa taswira juu kwenye prizimu, prizimu huirudisha jichoni. Ukibonyeza, kioo hurushwa juu kwa kishindo. Kinahitaji uwanja wa kurukia, kwa hiyo kwenye Canon lenzi hufungwa milimita 44 mbele ya kihisi. Lenzi pana ingependa kukaa karibu zaidi ya hapo, haiwezi, na mafundi hulazimika kuiongezea vioo vya kusukuma taswira nyuma. Ndiyo maana hunenepa. Ondoa kioo, na fundi anayejua kwamba lenzi hii haitatenganishwa na kihisi hiki maisha yao yote anaweza kusogeza kioo cha mwisho cha lenzi hadi karibu kabisa na kihisi. Viwili hivyo vimechongwa pamoja kama kinu na mchi wake. Mshindo nao hupotea: shata imo ndani ya lenzi, vijani vyembamba vinavyofunguka na kufumba, na sauti yake huzimwa na kijiko kinachogonga kikombe cha chai.

Shata hiyo ina faida nyingine ambayo kwenye pwani yetu naiona kubwa kuliko zote, nami nitakaa hapo kidogo. Jua la saa saba mchana. Mzee amevaa kanzu nyeupe na kofia, ngozi yake nyeusi, macho yamejificha kivulini mwa ukingo wa kofia. Ukipima mwanga kwa kanzu, uso unazama. Ukipima kwa uso, kanzu inaungua ikawa karatasi, na ule uhodari wote wa darizi kifuani umekwenda. Dawa yake ni flashi ndogo ya kujaza kivuli. Lakini shata ya DSLR ni mapazia mawili yanayofuatana. Ukipita kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na mwako wa flashi huangukia ukanda tu wa picha. Ukibaki 1/200 chini ya jua letu, lazima uzibe tundu hadi f/11 au hata f/16, na kwa tundu hilo flashi ndogo haifui dafu. Utahitaji ile kubwa, na mtu wa kukushikia. Ziko flashi zinazoweza kumetameta mfululizo zikaivuka kasi hiyo, lakini nguvu nyingi hupotea njiani. Shata ya ndani ya lenzi hufunguka yote, kila mara. X100 huiwasha flashi yake kwa 1/1000 hata tundu likiwa wazi kabisa, na ina kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga. Kanzu inabaki kanzu, uzi wa darizi unaonekana, na macho ya mzee yanatoka kivulini. Yote kwa kiflashi cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sijaona wafundishao upigaji picha wakilisema hili vya kutosha kwa wapigapicha wa nchi za jua kali na ngozi nyeusi.

Kwa fokasi nafanya kama walivyofanya wazee wa filamu. Tundu f/8, umbali mita 2 na nusu, basi. Kwa lenzi ya 23 kila kilicho kati ya mita 1 na nusu na mita 8 hutoka kikali cha kutosha. Kamera haitafuti tena, haisiti, haichagui sikio la mpita njia badala ya jicho la mhusika. Kazi iliyobaki ni kuwapo.

Na kuwapo mita 2 kutoka kwa mtu, kwetu, kuna masharti. Huwezi kusimama mbele ya mtu kwa umbali huo ukanyamaza. Lazima shikamoo itangulie, au habari za kazi, au walau hodi. Nani mtoto wa nani, umetoka wapi, picha ya nini. Mwenye lenzi ya milimita 200 hana haja ya salamu, na hilo ndilo linalomharibu. Kwa nini tusikumbuke kwamba picha zetu nzuri kabisa za zamani zilipigwa kwa makubaliano? Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Unguja, iliyoanza 1930, Parekh Mombasa, studio ya Bakor kule Lamu. Watu waliingia wamevaa, wamepaka wanja, wakachagua wenyewe mkono ukae wapi. Kamera ya studio ilikuwa kubwa na ilisimama kwenye miguu mitatu, lakini kwa tabia ni ndugu wa hii ya mfukoni zaidi kuliko wa DSLR: mpigwa alijua anapigwa, na alikuwa na kauli.

Sasa nisije nikaonekana nauza kamera. Kwa milimita 35, ukiwa nyuma ya goli Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, utapiga picha za nyasi. Ukimsogelea mtu mno, pua yake inakua kuliko alivyoumbwa. Zile ndogo ambazo lenzi hutoka na kuingia zinaweza kunyonya vumbi, na kwa kuwa lenzi haifunguliwi, vumbi likifika kwenye kihisi ni la fundi. Bei nayo: X100VI ilitoka mwaka 2024 kwa dola 1,599 za Marekani, na kabla yake X100V ilipata umaarufu mitandaoni hadi zilizotumika zikauzwa ghali kuliko mpya. Huo ni wazimu. Asiyekuwa na fedha hizo achukue DSLR ya zamani aliyonayo, aifunge 35 au 50 moja, zile nyingine azifungie kabatini. Kishindo na uzito vitabaki, nidhamu ataipata.

Na simu je? Simu hupiga vizuri mno, hilo limekwisha. Lakini simu za leo zina lenzi mbili au tatu na huchagua zenyewe, huchanganya fremu kadhaa zikatoa rangi zinazoipendeza programu, na katikati ya yote huingia ujumbe wa kikundi cha ukoo. Zaidi ya hayo, mtu akielekezewa simu huuliza swali moja: utaniweka statasi? Akielekezewa kamera ndogo huuliza mengine.

Kama babu mmoja wa Mji Mkongwe, kwenye baraza ya kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Mwenye 70-200 hapo angehitaji kutoboa ukuta ili arudi nyuma. Babu alikuwa akicheza bao, hatua ya namua imekwisha, wameshaingia ya mtaji. Baada ya shikamoo na marahaba akaitazama kamera.

"Hii ya kuchezea?"

"Ya kazi hasa, babu."

"Ya kazi ndogo."

Wakacheka wote, nami nikaruhusiwa kukaa kitako kwenye baraza, magoti yangu karibu na bao. Nikapiga kete zikiwa hewani, vidole, jicho la mpinzani likihesabu mashimo. Hakuna aliyegeuka kwa sauti ya shata, maana hapakuwa na sauti. Nilipompelekea nakala iliyosafishwa, akaitazama sana, akanishutumu kwamba nimesubiri dakika aliyokuwa akifungwa. Nikasema sikujua, mimi bao silijui. Akasema inaonekana.

Kisha akaniagiza kazi. Mjukuu wake anaolewa Ijumaa, nyumba itajaa, wakwe wanatoka Pemba. "Njoo utupige. Ila njoo na ile kubwa, watu wasije wakasema tumeleta mpigapicha wa bure."

Nikaenda na ile kubwa shingoni, na ndogo nikaitia mfuko wa kanzu, ikaivuta kanzu upande mmoja usiku kucha.